Kaa Aliyefungwa Kama Kuku

Madam wa baiolojia alisema kila mtu aje Jumatatu na kaa wake, mzima, miguu kamili. Asiye naye atachota maji ya maabara wenzake wakipasua. Jirani yangu wa kitanda bwenini, mtoto wa wakulima wa kahawa kutoka Litumbandyosi, alikosa raha tangu hapo. Anautaka udaktari mpaka anakera. Kupasua ndicho kitu alichokingojea tangu kidato cha kwanza.

Sisi wa ziwani kaa tunambeba kwenye ndoo yenye majani mabichi. Yeye alimkamata wake chini ya mawe ya ufukweni pale Lundo, akabanwa kidole hadi akalia, halafu akamfunga miguu kwa kamba ya mgomba na kumning'iniza msumarini kichwa chini. Kwao ndivyo kuku anavyopelekwa ukweni.

Nilimwangalia anavyoikaza kamba. "Kaza tena, dokta," nikamwambia. "Huyo atakutoroka."

Akakaza.

Asubuhi miguu ilikuwa kwenye kamba, kaa yuko sakafuni anajikokota kwa ile michache iliyobaki.

Alimpeleka hivyo hivyo, miguu kaifunga kwenye leso. "Madam, ipo yote. Hakuna uliopotea."

Darasa likaangua kicheko. "Mpeni gundi dokta wa kuku!" nikapiga kelele.

Madam hakucheka. Alitueleza kwamba kaa hapotezi muda kufikiri. Mguu ukibanwa sana, taarifa inapita kwenye neva hadi fundo kubwa la neva lililo chini ya kifua, amri inarudi papo hapo, msuli wa shinani unavuta, na mguu unakatika pale pale palipoumbwa kukatikia. Ubongo wenyewe, kitu kidogo kama punje ya ulezi, hata hauulizwi.

Kisha akampa jirani yangu koleo. "Bana mmoja."

"Madam, naomba nibaki na hiyo iliyobaki..."

"Bana, wenzako waone."

Akabana. Mguu ukabaki kwenye koleo, kaa akasogea pembeni kama vile haukuwa wake. Wa nyuma wakasimama juu ya viti ili waone vizuri.

"Vizuri sana," Madam akasema. "Ndoo ya maji iko pale mlangoni."

Aliichukua. Alitembea polepole, labda akidhani ataitwa arudi. Hakuna aliyemwita. Kaa wangu alikuwa na miguu yote. Nikamlaza chali mezani, na Madam akanipa mkasi.