Inua Kichwa, Aloyce

Siku ya kumaliza matanga, baba mkubwa Bartolomeo aliishika droni ya mdogo wangu Aloyce kwa mikono miwili, akaigeuza chini juu, kisha akatuuliza ukoo mzima tuliokaa kwenye mikeka, "Hiki ni kitu kimoja au ni vitu vingi?"

Mimi ni dada yake Aloyce, tumenyonya ziwa moja, nimesoma hadi kidato cha nne, na sikujua la kusema. Kilikuwa kitu kimoja kwa sababu kilikuwa na jina moja. Lakini kilikuwa na mota nne, mapanga manne ya kuirusha, betri, kamera, rimoti yake pembeni, na nyaya nyingi kama utumbo wa kuku.

"Kama ni kimoja apewe mmoja," alisema baba mkubwa. "Kama ni vingi tugawane. Semeni basi, watu wana safari."

Kwetu Usevya mtu akifa, vitu vyake hugawiwa ndugu ili kila mmoja abaki na cha kumkumbukia. Aloyce hakuoa wala hakuacha mtoto. Aliacha mashati, baiskeli, godoro, rozari na mashine hiyo. Ndugu walikuwa wengi kuliko vitu. Baba mkubwa akaomba bisibisi.

Binamu zetu wanne walipata kila mmoja mota na panga lake. Shangazi alichukua betri, akasema ataifunga kwenye taa. Rimoti alipewa mume wangu Yotham, na jioni hiyo hiyo aliielekeza kwenye televisheni, akabonyeza, akabonyeza tena, akaniambia imekufa. Kamera iliyokuwa tumboni mwa mashine baba mkubwa aliichukua mwenyewe, kama mkubwa wa ukoo. Kilichobaki ni vipande viwili vya alumini vilivyopishana katikati. Mama alivipokea, akavitazama, akavibusu. Alidhani ni msalaba. Sasa viko ukutani kwake, juu ya kitanda, na mimi sijui kama nimwambie au nimwache.

Nimeombwa na jumuiya yetu niandike maisha ya Aloyce kwa ajili ya misa ya kumkumbuka mwakani, na kila nikianza naanzia kwenye mkeka ule. Nisameheni.

Alikuwa mpiga picha Makanyagio, Mpanda mjini. Kibanda chake kilikuwa ukuta kwa ukuta na karakana ya Mwandu, Msukuma anayetengeneza madirisha ya alumini. Alipiga picha za pasipoti, harusi, kipaimara na mahafali. Alikuwa na maneno yake ambayo wateja waliyaiga mpaka sokoni: "Inua kichwa. Kidogo tu. Hapo hapo, usipumue." Kuna watu mjini huku wanaotembea wima, na nadhani ni kwa sababu yake.

Habari ya droni ilianzia kwenye harusi moja. Alikuja kijana kutoka Dar es Salaam na mashine yake, akairusha, na wageni wote wakaigeuzia nyuso wakamwacha Aloyce na kamera yake mbele ya keki. Mtu mwingine angenuna. Yeye alikwenda kusimama chini ya ile mashine, akatazama tumbo lake mpaka ikashuka.

Kununua nzima hakuweza, akaamua kuiunda. Vifaa aliviagiza Kariakoo kimoja kimoja, vikaja kwa basi vimefungwa kwenye magazeti. Ulimi wa Mwandu ulimsaidia, maana Mwandu hana haya ya kusema.

Mashine ya kwanza Aloyce aliichongea mikono ya mninga. Ilinguruma, ikapuliza vumbi lote la kibanda, lakini haikutoka chini.

"Hiyo ni kabati, ndugu yangu," Mwandu alimwambia. "Kabati haliruki. Kabati linawekwa vyombo."

Akampa mabaki ya madirisha. Mashine ya pili ilikuwa nyepesi, ikainuka upande mmoja, ikajipindua mgongo chini kama mende. Aloyce alikesha akifikiri. Baadaye alinieleza kwamba mapanga mawili lazima yazunguke kulia na mawili kushoto, na yeye alikuwa ameyachanganya. Yote yakizunguka upande mmoja, mwili wenyewe unaanza kuzunguka. Nilimuuliza kwa nini, akanieleza kwa vijiko viwili na sahani. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Mpaka leo naviangalia vile vijiko.

Ilipokubali kuruka sawasawa, picha nazo zilitoka zikicheza kama maji kwenye ndoo. Akakata mpira wa ndani wa baiskeli, akaitundikia kamera kwenye vipande vyake ili mtetemeko usiifikie. Hilo nililielewa.

Akaileta nyumbani Usevya. Jumapili moja, baada ya misa, tulimkuta uani ameikumbatia, anageuka nayo taratibu: anazunguka, anailaza ubavu, anazunguka tena. Lusia, jirani yetu, alisimama kwenye ua akamuuliza, "Aloyce, hiyo ngoma ya nani?"

"Naifundisha kaskazini, dada Lusia. Bila kuijua itapotea."

"Kaskazini si huko walikotoka kina Mwandu?"

Mwandu alikuwa amekaa kwenye kinu. "Ng'ombe wetu walifika hapa bila kuzungushwa," alisema.

"Na huo ungo wenu unabeba abiria wangapi?" Lusia akauliza, na watu wakacheka, lakini mama hakucheka. Aliingia ndani akatoka na chupa ya maji ya baraka. Aloyce alivua shati mbio akaifunika mashine.

"Mama, maji na umeme hapana! Ninyunyizie mimi. Mimi sina nyaya."

Mama akamnyunyizia yeye, kichwa kizima, mpaka maji yakashuka shingoni. Nafikiri kuhusu hilo kila siku. Alimbariki yeye, sio mashine, na mashine ikapanda ikashuka salama, na yeye hakumaliza wiki. Nimemuuliza padri. Padri akasema baraka si hesabu. Sijui kama nimepata jibu.

Barua ya ruhusa alikuwa nayo mfukoni. Alituambia haitaelekea upande wa hifadhi ya wanyama, itapanda tu wima na kushuka. Akatupanga uani. "Nyie wote tazameni juu," alisema. Ikapanda ikapita paa la jiko, ikapita mpapai, ikawa ndogo kama nyigu, na kelele yake ikabaki hewani bila mwenyewe. Kisha ikarudi ikatua juu ya turubai la mahindi. Aloyce alicheka kama mtoto. "Picha mtaziona," alisema. "Ngojeni nizisafishe kwanza."

Homa ilimpata Jumanne. Alhamisi alifariki.

Tulipotafuta picha yake ya kuweka mbele ya jeneza hatukuipata. Alipiga watu wote, yeye hakuna aliyempiga. Simu yake imefungwa kwa namba ambazo hakumwambia mtu. Tukakuza picha ya kitambulisho, na ilitoka imeparara, macho yamemtoka, mdomo umebanwa. Mama aliigeuzia ukutani.

"Huyo ni mtu aliyekamatwa," alisema. "Mwanangu hakuwa hivyo."

Baada ya matanga akawa na ombi moja tu. Kwenye misa ya arobaini anataka uso wa mwanawe. Alianza kuniambia kwamba usiku anaukumbuka vipande vipande, leo pua, kesho meno, na vipande havikutani. "Nitamsahau, Monika," alisema.

Mwandu wakati wa msiba alikuwa Ikola akifunga madirisha ya nyumba ya mtu, habari zikamfikia zimechelewa. Alikuja moja kwa moja kwa mama, akalia, akanywa maji, kisha akauliza mashine iko wapi. Nilimwonyesha ukutani. Nikamweleza nani ana nini.

Alinitazama. "Mmeigawa? Kwa bisibisi?" Alianza kucheka, akashindwa kuacha, na kicheko kikageuka tena kilio. "Aloyce angepiga picha mgao huo," alisema. Kisha akakaa wima. "Dada Monika, kamera anayo nani? Siku ile ilikuwa inarekodi. Picha hazikwenda kwenye simu. Ziko kwenye kadi humo humo ndani, ndogo kama ukucha."

Mama alikuwa ameshasimama, anatafuta kanga.

Baba mkubwa tulimkuta shambani. Mpunga ulikuwa umeanza kuiva, na katikati ya shamba, juu ya mti mrefu, kamera ya mdogo wangu ilikuwa inaning'inia kwa kamba, inazunguka na upepo, kioo chake kinamwekamweka.

"Ndege hawagusi," baba mkubwa alituambia kwa fahari. "Wanaona jicho. Huyo ni Aloyce analinda mpunga wa ukoo."

Nilimweleza shida yetu. Uso wake ukabadilika. "Monika, kitu cha matanga unakirudishaje? Nikikirudisha na wengine warudishe? Unataka kusema niligawa vibaya?"

"Sisemi hivyo, baba mkubwa."

"Unasema. Umesoma, ndiyo maana unasema polepole."

Kweli sikujua kama aligawa vibaya. Mama ndiye aliyemsogelea. "Shemeji," alisema, "jicho sikuombi. Jicho libaki na mpunga. Naomba kile lilichokiona."

Baba mkubwa alitazama ndege waliotua kwenye shamba la jirani. Akateremsha ule mti. Mwandu akafungua kamlango kadogo kwa ukucha, akatoa kadi, na baba mkubwa akaitundika kamera tena palepale, akaigeuza itazame upande wenye ndege.

Tuliitazama kwenye karakana ya Mwandu, kwa simu yake, mama katikati yetu. Mwanzo ilikuwa turubai na vidole vya Aloyce, karibu sana, vyenye alama za kuungua. Mama akagusa kioo, video ikasimama, Mwandu akaiendesha tena. Ardhi ikaanza kushuka. Tukatokea sisi. Mama na rozari, Lusia, mimi, Yotham, Mwandu juu ya kinu, wote nyuso juu, midomo wazi, kila mtu anatambulika. Na pembeni mtu mmoja mwenye shati begani, ameinamia rimoti. Utosi tu. Utosi unaong'aa maji.

"Anaangalia lini?" mama aliuliza.

Mashine ilipanda, tukawa wadogo, ikashuka, tukakua. Watu wote walikuwa wanatazama juu. Yeye hakutazama.

"Rudisha," mama alisema.

Mwandu akarudisha. Mara kumi na sijui ngapi. Mara ya mwisho mama aliisogelea simu mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akasema kwa sauti ndogo, "Inua kichwa, Aloyce. Kidogo tu, baba. Hapo hapo."

Hakuinua. Nilitoka nje, nikasimama kati ya fremu za madirisha ambazo hazina kioo.

Niliporudi Mwandu alikuwa anamweleza mama jambo. "Kwenye ile rimoti kuna kioo," alisema. "Inachokiona kamera, yeye anakiona. Mama, pale hakuwa anaangalia vidole. Alikuwa anakuangalia wewe. Ona ulivyoinua uso, hakukuwa na haja ya kukuambia."

Mama aliisogeza simu karibu zaidi. Kisha alisema, "Kwa hiyo tulikuwa tunaangaliana."

"Ndiyo, mama."

"Lakini mimi nilikuwa naangalia juu."

"Ndiyo."

Alilifikiria hilo mpaka chai aliyotuletea Mwandu ikapoa. Sikuweza kumsaidia, maana na mimi nilikuwa nalifikiria. Mwishowe aliweka kidole juu ya ule utosi. "Huyu namjua," alisema. "Kichwa hiki nilikinyoa mimi. Safisheni hii."

Nilimuuliza kama kanisani wataelewa. Akaniuliza kama mimi nimeelewa.

Arobaini ilikuwa jana. Picha tuliiweka kwenye fremu aliyotengeneza Mwandu kwa alumini ya madirisha. Katekista aliibeba mbele, akasimama, akaigeuza, akaigeuza tena, akanijia akaninong'oneza, "Dada Monika, juu ni wapi?" Nikaitazama. Tulikuwa pande zote, kila mmoja miguu yake kwake, na mpapai umelala. Nikamwambia sijui.

Mama alitoka kwenye benchi, akaichukua mikononi mwake. Hakuisimamisha. Aliilaza kwenye meza ndogo mbele ya altare, chali, kama ardhi ilivyolala, akarudi kukaa. Watu waliokuja kutoa heshima ilibidi wainame ili wamwone. Nilipofika zamu yangu niliinama pia, nikaona uso wangu mwenyewe umeniinukia, na pembeni yake yeye, kimya, anaendesha. Nilikaa pale muda mrefu kuliko inavyotakiwa, mpaka Lusia aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega.