Kiti cha Baba Fikirini

Baiskeli ya Badru ilikaa chumbani, imeegemea ukuta karibu na kitanda, kwa sababu mwenyewe hakutaka ilale nje. Kwa miaka mingi aliipakia matenga ya samaki wa Nyamisati na kuwauza njiani mpaka Kibiti, alikoishi na mkewe Rukaiya. Kisha kisukari kikamla mguu wa kulia, ukakatwa juu ya goti. Mdogo wake Hashimu alipokuja kuiomba baiskeli, Badru alimjibu kwa upole kwamba kiti kile kinamsubiri mwenyewe. Hakuna aliyebisha.

Kazi ya kuitunza ikawa ya Rukaiya. Kila Ijumaa aliifuta vumbi na kutia upepo, matairi yasije yakapasuka kwa kukaa. Siku moja akaisimamisha kwa stendi, akazungusha pedali kwa mkono. Gurudumu la nyuma likazunguka kwa mlio mdogo, tiki tiki tiki, naye akajikuta ameketi sakafuni anasikiliza mpaka linasimama. Akazungusha tena.

Alikuwa muuza vitumbua mwenye wajukuu, na maisha yake yote hakuwahi kupanda baiskeli ila kwenye keria. Alimwambia Badru kwamba pampu yao imeharibika, hivyo atakuwa akiipeleka baiskeli kwa jirani yao Ashura kutia upepo. Pampu ilikuwa nzima, ameifukia ndani ya ndoo ya mchele.

Ashura aliendesha baiskeli kwenda shambani tangu usichana wake. Alimpeleka Rukaiya uwanja wa mpira asubuhi, watoto wakiwa shuleni. Rukaiya alivaa suruali ya mwanawe Fikirini chini ya dira. Tatizo lilikuwa kiti: kilikuwa juu mno, pedali akizigusa kwa ncha za vidole tu. Ashura alipomwambia akishushe, alisema nati imeshika kutu.

“Basi mwite fundi, shoga. Unaning’inia kama popo mnazini.”

Rukaiya alicheka, lakini spana hakuigusa. Kumdanganya Badru juu ya pampu aliweza. Kukishusha kiti kungekuwa kumwambia mumewe kwamba hatakikalia tena. Na hakuweza hata kujitetea kwamba anatafuta riziki, maana hakuwa akienda popote. Aliuzunguka uwanja kwa raha tu, upepo ukimpiga usoni, kisha akarudi nyumbani kumwogesha mtu aliyeijua raha hiyo kabla yake.

Cheni ilipoanza kulia, aliipaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, kama alivyozoea kupaka bawaba za mlango. Ikanyamaza. Asubuhi iliyofuata baiskeli ikayumba, akataka kukanyaga chini, mguu haukufika. Alianguka, akachubuka kiganja. Nyumbani alisema ameteleza kisimani.

Baada ya sala ya adhuhuri, Badru akiwa bado ameketi mkekani, aliona mstari wa sisimizi ukiingia mlangoni, ukipita kando ya mkeka na kupanda gurudumu la nyuma mpaka kwenye cheni. Akagusa cheni, akanusa kidole. Akamwita mkewe.

“Mama Fikirini, cheni imekula nazi.”

Rukaiya alijibu kwamba aliogopa itashika kutu kwa kukaa.

“Ingekuwa inakaa, isingekuwa na mchanga wa uwanjani.” Akautazama mkono wa mkewe. “Ulianguka upande gani?”

“Kulia.”

Alingoja alaumiwe. Lawama angeibeba. Badru akaomba tambara, mafuta ya taa na spana. Aliisafisha cheni pete kwa pete, akimweleza kwamba mafuta ya nazi huganda na kushika vumbi, na kwamba ya cherehani ndiyo yanayofaa. Kisha akamsimamisha kando ya baiskeli, akapima kwa jicho kutoka nyonga yake hadi kitini, akaikamata nati. Ililegea mara moja. Haikuwa na kutu hata kidogo.

Rukaiya aliokota msumari dirishani ili achore mstari kwenye bomba la kiti, mahali lilipokuwa limefika kwa kimo cha mumewe.

“Alama ya nini?” Badru aliuliza.

Rukaiya akaurudisha msumari dirishani. Badru akainuka kwa mguu mmoja, akakiegemea kiti kwa mikono miwili na uzito wake wote, kikashuka. Akakaza nati, akasogea akaketi mlangoni, akamwambia azunguke uani. Rukaiya akasema atazunguka kesho.

“Leo, bibie. Nataka niisikie.”

Alipanda. Miguu ilifika. Mzunguko wa kwanza alipita mbele ya mlango bila kumtazama aliyeketi pale. Wa pili, kabla hajaweza kuizuia, raha ile ikamjia yote, na tabasamu likamponyoka. Akamwona Badru anamtazama, akashika breki, akashuka.

“Mbona umesimama?”

Rukaiya akasema amechoka. Hakuwa amechoka.