Riba Iliyongojewa Ishuke

Miaka ya mwanzo ya uhuru mume wangu alikuwa fundi wa magari karibu na maduka ya mtaa wa Asiatique, na mimi nilikuwa mke wa mtu anayejua kila kitu. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili. Mwenye nyumba alitutaka tuhame baada ya Idi, mwanawe anaoa. Basi tukaomba mkopo benki tujenge vyumba vitatu. Cha tatu kilikuwa cha mama yangu, aliyeishi peke yake mtaa wa Kinama na macho yake yanafifia.

Karani wa benki alitueleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. "Musiye, ukisaini mbele ya mwezi kuisha, riba itabaki hii hii mupaka umalize kulipa. Ukichelewa, utakamata ile utakuta."

Mwenye akili angeomba kalamu. Wangu aliomba siku chache akafikiri, yaani akaulize barazani. Kila alasiri, baada ya swala, wazee watano walikunywa kahawa pale na kuiendesha nchi. Hapakuwa na hata mmoja mwenye mlango wake mwenyewe. Walimwambia wazungu wameondoka, na riba yao itawafuata. Mmoja akaongeza kwamba riba ni haramu, kwa hiyo anayelazimika kuichukua angoje ipungue, na dhambi nayo ipungue.

Mume wangu alirudi uso unang'aa. Alikuwa amepata nafuu ya dunia na ya akhera kwa kikombe kimoja cha kahawa.

"Na nguruwe," nikamwuliza, "ukikata kipande kidogo, inakuwa halali?"

"We mwanamuke, ujui mambo ya benki."

Nilijua mwezi una siku ngapi. Nilimkumbusha kila asubuhi, na kila asubuhi alinijibu kuwa subira huvuta heri. Mwezi ukaisha, Idi ikapita. Akaenda benki na kanzu yake ya sikukuu, akakuta riba imepanda. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuleta kitanda cha maharusi mlangoni kwetu, kwa hiyo alisaini. Kwa riba ile mshahara wake haukutosha mkopo wote, benki ikaupunguza, na vyumba vikawa viwili. Nilimchukia mwaka mzima, na sioni haya kusema.

Mahali pa chumba cha tatu palibaki uwanja mtupu. Akatandika mkeka, na wazee wake wakahamia hapo. Kahawa nikawa napika mimi.

Siku moja nilimleta mama aione nyumba. Alipapasa ukuta kwa fimbo mpaka ulipoishia, akasimama mbele ya mkeka.

"Mukwe, ile riba imeshuka?"

"Bado, mama."

"Basi mi narudia Kinama. Ikishuka, mutaniita."

Wazee walitazama vikombe vyao. Nikavikusanya vyote, hata ambavyo havijaisha, kisha nikamshika mama mkono nikamrudisha Kinama.