Vali ya Puge na Nyama ya Idi

Nimepigiwa simu kutoka Tabora. Fundi mafriji aliyekuwa akiupatia mji wetu baridi miaka ya Ujamaa amefariki, na jana baada ya alasiri wamemzika. Wengi wenu hamkumjua, na waliomjua hawatakubaliana juu yake. Alikuwa na majivuno. Alivaa koti jeupe kama daktari, na ukimwamkia shikamoo aliitafakari kwanza kabla ya kuitikia. Sikuwa rafiki yake. Nilikuwa karani wa ushirika wa wachinjaji, naye alitutunzia chumba cha baridi cha kuhifadhia nyama. Hata hivyo habari hii imeniuma kuliko nilivyotarajia.

Mtambo wa chumba kile ulitoka nchi moja rafiki, gesi yake nchi nyingine rafiki, na vipuri havikutoka popote. Mwaka mmoja, Idi ikikaribia, ikafa vali inayopimia gesi iendayo kwenye koili za kupoza. Fundi akaenda Puge, akang'oa vali kwenye mtambo wa maziwa uliokuwa umelala bila kazi, akaja kuifunga kwetu. Sasa, kila gesi ina presha yake, na vali hutengenezwa kwa gesi yake. Ile ya Puge ilizoea gesi ya presha ndogo. Kwenye mtambo wetu ilifunguka kwa kusitasita, ikapitisha gesi kwa ubahili. Fundi akalegeza skrubu yake ili ipitishe zaidi, na asubuhi moja ya kipupwe, chumba kikiwa kitupu, kikapoa. Akaitangazia kamati kwamba kazi imekwisha. Tukapiga makofi, na wachinjaji wakajaza humo nyama ya Idi ya mji mzima.

Siku moja kabla ya Idi mlango ukafunguliwa, na harufu ikatoka kabla ya mtu yeyote kuingia. Mtambo ulikuwa unanguruma kwa bidii zote. Kamati ikakaa barazani papo hapo. Miaka ile hakuna kitu kilichoharibika kwa kosa letu. Kulikuwa na ukame, mabeberu na wahujumu. Ukame haukuhusika, mabeberu walikuwa mbali, kwa hiyo akaitwa mlinzi, baba mmoja mgeni mjini aliyetoka upande wa Igunga. Mwenyekiti alikuwa ameshaagiza polisi.

"Ulifungua mlango usiku?" akamuuliza.

"Sikufungua, mzee wangu. Mie mlango huo hata kuushika nauogopa."

"Kama hukufungua, nyama imeozaje?"

Mlinzi akainama akaanza kuvua makubazi yake, maana mahabusu watu huingia pekupeku. Hapo fundi, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, akasimama.

"Mwacheni huyo. Vali niliyofunga si ya gesi hii. Nilijua, nikadhani nitaiweza."

"Fundi, fikiri vizuri," mwenyekiti akasema kwa upole kabisa. "Hujuma imeshapata mtu wake."

"Mtu wake ni mimi."

Kamati haikuwa na utaratibu wa kumshughulikia mtu anayekiri. Mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo. Polisi walipofika wakapewa chai. Mlinzi akavaa makubazi akarudi lindoni, na fundi akafukuzwa kazi siku ileile. Idi ile mji ulikula pilau ya dagaa, na watu wakamnunia fundi kwa muda mrefu. Baadaye akafungua kibanda karibu na soko, na waliomnunia wakaanza kumpelekea mafriji yao, mmoja mmoja, bila kuelezana kwa nini.

Mimi najua kwa nini, kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Wajuzi tulikuwa nao wengi miaka ile, na leo wameongezeka, wana vyeti na mashine za kupimia. Lakini vali isiyolingana na gesi inaweza kumshinda fundi yeyote, na ikimshinda, atatafutwa mtu wa kuvuliwa makubazi. Kwa hiyo nikipeleka friji kwa fundi mgeni, simuulizi alisoma wapi. Namuuliza mara ya mwisho alikosea nini. Wengi huniambia hawajawahi kukosea. Hao nawaaga kwa heshima, nabeba friji langu, naondoka.