Mwaka Ambao Baba Wambui Hakushuka Mlimani

Siku yangu ya kwanza kituoni, Naro Moru, nilipewa gambuti za mpira zilizonipwaya miguuni, nikaambiwa nimshike samaki kama ninavyomshika mtoto anayeogeshwa. Tulizalisha trauti, samaki wa maji baridi. Msimamizi, mzee wa kanisa mwenye sauti ya chini, alimkamua jike tumboni, mayai ya rangi ya machungwa yakateleza ndani ya beseni. Akaongeza mbegu za dume, akakoroga kwa unyoya wa kuku.

"Usitumie mkono," akasema. "Mkono iko na nguvu mingi."

Kazi ile ilinifaa. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka msituni ukalala juu ya mabwawa, nasi tukipita ndani yake tulionekana nusu nusu. Mayai yalikaa kwenye trei katika chumba cha giza, maji ya mto yakipita juu yake taratibu. Niliyatoa yaliyokufa, yale meupe, yasije yakaozesha mengine.

Meneja wa pili tangu nianze kazi alinihamishia kituo kidogo upande wa Mweiga, kisha nikarudishwa Naro Moru. Niliporudi ndipo mume wangu, Baba Wambui, aliyekuwa akiwabebea wageni mizigo mlimani, alipopotea. Theluji iliwashika huko juu. Wenzake walishuka, yeye akarudi nyuma kumtafuta mgeni aliyechelewa. Mgeni alipatikana. Yeye hakupatikana.

Walimtafuta hadi wakachoka. Wazee wakasema tufanye ibada ya kumuaga bila mwili. Nilikataa. Niliendelea kumpakulia chakula chake, na kanisani sikwenda tena, kwa sababu huko walimtaja kama marehemu. Kazini, mawingu yalipofunguka, nilisimama na trei mkononi nikiutazama mlima. Mara nyingine nilimwona kabisa, na koti lake la buluu, akishuka bila haraka. Halafu ukungu ukamfunika.

Msimamizi akanikuta hivyo.

"Mama Wambui, siku hizi unaomba nini?"

"Arudi. Hiyo tu."

"Na asiporudi?"

"Basi Mungu hayuko."

Hakunikemea. Alichukua trei yangu, akaanza kutoa mayai meupe yeye mwenyewe.

"Mimi nilizika kifungua mimba wangu," akasema baadaye. "Niliomba apone, hakupona. Nikakasirikia Mungu sana, lakini sikuwa na mtu mwingine wa kuambia hiyo hasira. Nikamwambia Yeye. Akanivumilia. Ni hapo nilijua yuko."

Jumapili nilienda kanisani, nikakaa nyuma. Wengine wakiimba, mimi nilimwambia Mungu maneno ambayo hata leo siwezi kuyaandika. Nililia. Kina mama wakaja wakanizunguka, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nilitoka nikiwa mjane. Neno hilo sikuwa nimewahi kukubali linihusu, lakini siku hiyo nililibeba, na halikuniangusha.

Ibada tuliifanya ukingoni mwa msitu, pale wapagazi wanapoanzia safari. Mchungaji alisema, "Sisi hatujui alipolala. Bwana anajua, na siku ya ufufuo hatahitaji kuonyeshwa."

Binti yangu Wambui akanivuta nguo. "Kwa hivyo Baba hajapotea?"

"Kwetu amepotea," nikamwambia. "Kwa Mungu, hapana."

Nilijisikia nikisema hivyo, na nikagundua kwamba naamini.

Kesho yake nilirudi kwenye trei. Nilifanya kazi hiyo hadi nikastaafu, chini ya mameneja wengine wengi, wazuri na wakali. Uchungu ulikuja na kuondoka kama hali ya hewa ya huku kwetu. Siku nyingine niliomba kwa neno moja tu, siku nyingine bila neno.

Sasa magoti yamechoka. Nikisikia kuna mwanamke amefiwa, naenda nikakaa naye. Maneno yatakuja yakitaka. Vijana wa kanisa huniita Cucu, yaani nyanya, na hupenda kuniuliza, "Cucu, ulimpata?"

"Bado," nawajibu. "Lakini kila asubuhi nikiamka, nimemkaribia."