Maji ya Limau Kila Julai

Enzi zile, kila Julai nyongeza ya mshahara ikitoka, mtunza stoo wa karakana yetu hapa Geita alitulisha. Aliagiza sato kwa basi la Chato, akawachoma mwenyewe nyuma ya stoo, akiwageuza kwa vidole vyake vyeusi vya grisi huku akiimba Kisukuma kwa sauti ya puani. Tukishiba, alipita na jagi la maji ya limau, akatunawisha mmoja mmoja kututoa shombo. Nyongeza haijaacha kuja, ila kila ikifika inakuta bei za sokoni zimeshapanda. Sato wakageuka vichwa vya sangara, vichwa vikageuka dagaa. Yeye hakulalamika, sinia lake tu lilizidi kung'arishwa. Julai hii alifunua kitambaa, tukaona karanga za kuchemsha. Tulikula, tukajipangusa kwenye suruali, tukainuka.

“Kaeni kwanza,” akasema. Alikuwa ameshika jagi, na vipande vya limau vilielea ndani.

Martina wa uhasibu akacheka. “Mzee, karanga nazo zina shombo?”

“Lete mikono, mama.”

Kicheko kikamwishia. Tukanawa wote, taratibu, kama watu waliokula sato.