Mpasheni wa Nyumba ya Bwera

Nilipokuwa darasa la saba, askari mmoja wa kizuizi cha barabarani alimwambia baba kwamba angenioa, baba akitaka asitake. Alfajiri iliyofuata baba alinitoa Kasese, akanipeleka Bwera, mji wa mpakani, kwa mjane wa Kikongo aliyeuza vitenge. "Usitoke nje ya ua mpaka nije mwenyewe," aliniambia.

Nilikaa miezi miwili. Dirisha la chumba changu lilipigiliwa mbao. Lori la jeshi lilipopunguza mwendo barabarani, nililala kifudifudi sakafuni nikabana pumzi. Nilikuja na daftari moja tu, la sayansi, na nililisoma mpaka kurasa zikalegea.

Asubuhi moja mjane alitoka na panga, akausogelea mpasheni uliotambaa juu ya wigo.

"Mutoto, angalia. Maua yote inakauka. Hii muti iko na ugonjwa. Naikata."

"Mama, usikate!" Nilishtuka kusikia sauti yangu mwenyewe, nilizoea kunong'ona.

Nilichuma ua moja lililonyauka, nikalifungua kiganjani. Petali zilikuwa zimesinyaa, stameni zimekauka, lakini katikati ovari ilikuwa imevimba, ya kijani, kama punje ya njegere.

"Chavua imekwisha kufanya kazi yake," nilimwambia. "Hizi petali hazihitajiki tena, ndiyo maana zinakauka. Hiki kilichovimba kitakuwa tunda, na vijiyai vilivyomo ndani vitakuwa mbegu."

Aliweka panga chini. "Nani alikufundisha?"

"Mwalimu wangu."

"Basi unifundishe na mimi."

Tangu siku hiyo tulifunga nyuzi za vitenge kwenye maua mapya, kila ua na rangi yake, nikawa nachora mabadiliko daftarini. Mengine yalidondoka mazima, hayakupata chavua. Mjane aliyasikitikia kama watu. Tulicheka, lakini mlio wa gari ukisikika, mimi nilikuwa nimeshakimbilia chumbani.

Siku moja baba alikuja mchana. Askari yule alikuwa amehamishwa. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umekwisha kufanyika wiki iliyotangulia, kwa hiyo nikarudia mwaka mzima na watoto wadogo kuliko mimi.

Mjane alisimama mlangoni akilia. Mimi nilikuwa na hamu ya barabara tu. Nikatoka mbio, sikumuaga vizuri. Jambo hilo linaniuma hadi leo.